Mzee wa Mihuri

Mkataba wangu wa usanii mkaazi, yaani wa kupewa studio nifanyie kazi humo kwa muda, ulikuwa na kifungu kimoja nilichokichukia tangu siku ya kusaini. Kila mwisho wa mwezi msanii atafungua studio na kuonyesha umma jinsi anavyofanya kazi. Kutundika picha zilizokwisha hakukutosha, walitaka kuona mikono ikienda.

Mimi niliomba nafasi ile ili nijifiche. Kichwani nilikuwa na MacDowell, makazi ya wasanii kule New Hampshire yaliyoanza 1907, ambako chakula cha mchana huachwa mlangoni ndani ya kikapu ili mtu asikatizwe. Mratibu aliponisikia nikinung'unika alinitajia Mierle Laderman Ukeles, aliyeingia idara ya usafi ya jiji la New York mwaka 1977 kama msanii mkaazi, bila mshahara. Kati ya 1979 na 1980 aliwapa mkono wafanyakazi wa taka wapatao 8,500, mmoja baada ya mwingine, akimshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji lao hai. "Na wewe chumba kimoja cha watu kinakutisha," akasema. Sikuwa na jibu.

Basi siku ikafika. Kazi yangu ni kuchonga chapa kwenye linoliamu, ile ile ya kutandika sakafuni: mafuta ya mbegu za kitani na unga wa magome ya koki, mgongoni kitambaa cha juti. Ukiipasha moto kidogo inalainika na patasi inapita bila kukwama. Niliwaeleza wageni hayo yote, nao wakasikiliza kwa adabu. Maswali yalikuwa yale yale: inachukua muda gani, unauza, nani alikufundisha. Kilichowavuta kweli ni rola ya kutandazia wino. Niliwaambia wanyamaze wausikilize wino, kwa sababu ukiwa mwingi mno rola hulia kwa kunata, na ukitandazwa sawasawa hutoa mlio mwembamba kama manyunyu juu ya bati. Watu wazima waliinamisha masikio mezani. Hapo nikaanza kulegea.

Mezani palikuwa na ubao wenye maneno, umechongwa kinyume kama inavyotakiwa, na bado haujapakwa wino. Wageni wengi waliutazama wakapita. Mzee mmoja akasimama, akausoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, haraka, kama anayesoma gazeti. Mimi mwenyewe, niliyeuchonga, huwa nahitaji kioo.

"Shikamoo mzee. Umeusomaje?"

"Marahaba. Nimechonga mihuri ya mpira maisha yangu yote, mwanangu. Kwa wembe. Kabla ya hizi mashine za leza."

Akaomba kipande. Kanuni za jengo zilisema wageni wasiguse vyombo vyenye makali, na mratibu alikuwa ananikodolea macho. Nikampa. Patasi zangu alizigeuza geuza akazirudisha, akachagua kisu chembamba ninachokatia karatasi. Akaketi kwenye kiti changu.

Hakuchora kwanza. Alianza na A, herufi ya mwisho, akaenda akirudi nyuma hadi I ya mwanzo: IMELIPWA. Huku akikata alikuwa akifundisha. I, M, W na A hazina neno, alisema, zikigeuzwa zinabaki vile vile. Wanaoanza hunaswa na E, L na P. Alipofika kwenye tumbo la P, kisu hakikusogea. Mkono wa kushoto ndio uliouzungusha ubao chini ya makali. Kuta za kila herufi alizikata zikipanuka kuelekea chini, ili zisibonyee zikikandamizwa. Kanuni hiyo naijua, ila mimi huifuata kwa mikato miwili mitatu. Yeye aliipata kwa mkato mmoja.

Nilipaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko. IMELIPWA ikatoka nyeusi, kingo safi. Chumba kikashangilia. Msichana mdogo akataka jina lake, nyuma yake ikaundwa foleni, na kuanzia hapo mimi nikawa mpaka wino wa mzee. Nisidanganye kwamba nilifurahi papo hapo. Onyesho langu la rangi ya pili lilikuwa limeandaliwa, karatasi zimekatwa, na hakuna aliyeliulizia.

Aliyeliulizia ni yeye. Foleni ilipopungua alionyesha picha yangu ukutani: muhuri una rangi moja, hii ina tatu, mbao nyingine ziko wapi? Nikamwambia ubao ni mmoja. Unachonga kidogo, unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, unachonga tena ubao ule ule, unachapa ya pili juu yake, na kadhalika. Mwishoni ubao umebaki mabaki, na huwezi kuongeza nakala hata moja.

Akaniangalia kwa huruma.

"Kwa hiyo unauharibu huku unautumia?"

"Ndiyo."

"Mteja wangu angenifukuza na fimbo."

Alikuwa na hoja. Muhuri unatengenezwa kwa ajili ya kesho, ugongwe mpaka mpira uchakae. Mimi nachagua idadi ya nakala kabla sijaanza na kuifunga njia nyuma yangu, na sikuwahi kuona ajabu yoyote katika jambo hilo mpaka mtu wa fani yake aliposhtuka. Nilijitetea kwamba ndiyo inayonilazimisha kuamua. Hakushawishika.

Mratibu alihangaika na fomu ya ripoti, hajui amwandike mzee kama mgeni au kama msanii. Nilimwambia aandike msanii, akaandika mgeni.

Mwezi uliofuata, kabla sijafungua kopo la wino, mzee alikuwa mlangoni na wembe wake ndani ya kiberiti na kipande kinene cha mpira chini ya kwapa. Hakuja kuonyesha mtu yeyote kitu chochote, alisema. Amekuja nimfundishe zile rangi tatu, tangu mwanzo, kwa sababu siku ile nilimweleza kwa mdomo tu.