Malaika Aliyesusa Chakula

Jumamosi ni siku ya maji. Natoa robo ya maji ya tangi, au theluthi ikiwa samaki wamekula sana wiki hiyo, kisha natia mengine niliyokwisha kuyaondoa klorini, yenye joto linalokaribiana na la humo ndani. Huwa naulizwa kwa nini najisumbua na ndoo ilhali maji yanang'aa. Yanang'aa kweli. Ila amonia, taka yenye sumu, haina rangi, na samaki huitoa mchana na usiku, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua anapopumua tu.

Leo kazi hiyo ilikatizwa. Mmoja wa samaki malaika wangu, yule mwenye pezi la juu lililopinda kidogo, hakuja kula. Kwa malaika hilo si jambo dogo, maana ni walafi. Ukikisogelea kioo tu, wanajipanga mbele kama wanaokudai deni. Huyu alikuwa amejibanza kwenye kona ya juu, nyuma ya hita, mapezi ameyabana na mistari yake haikuwa ile ya kawaida. Mistari hiyo myeusi hukolea au kufifia kulingana na hali ya samaki, na usiku taa zikizimwa hupauka kabisa. Lakini sasa ilikuwa saa nne asubuhi.

Ninalo kabati dogo la dawa, na mtu yeyote anayependa samaki wake angelikimbilia. Mimi sina haraka nalo. Nimeona wafugaji wenye nia njema wakimwagia dawa ya madoa meupe samaki asiye na doa hata moja, na dawa ya bakteria samaki mwenye minyoo. Baya zaidi, baadhi ya dawa hizo huwaua hata bakteria wema wa kwenye kichujio, na hapo ugonjwa wa kudhaniwa huzaa ugonjwa wa kweli. Kwangu mimi maji hupimwa kwanza, samaki hutazamwa pili, dawa ije mwisho kabisa ikiwa bado kuna sababu.

Nikapima. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita, joto nyuzi 27. Hakuna cha kulalamikia. Hizo sifuri mbili za mwanzo ndizo ninazozijali kuliko chochote kilichomo tangini. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka ikizidi. Kwenye tangi jipya, bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kujijenga, na ndiyo maana samaki wengi hufa mwezi wa kwanza bila mwenyewe kuelewa kilichowaua. Bakteria hao hawaelei sana majini. Makao yao ni sifongo la kichujio, changarawe na vioo. Kwa hiyo kubadilisha maji hakuwapunguzi, lakini kuliosha sifongo kwa maji ya bomba yenye klorini ni kuwafuta. Mimi hulikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. Na kwa kuwa malaika anataka maji ya uvuguvugu, nyuzi 25 hadi 28, tahadhari inazidi: joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu umepungua) vinavyopanda, ndivyo amonia ileile inavyokuwa kali zaidi.

Baada ya vipimo nikavuta kiti. Hakuna madoa meupe mwilini. Mapezi hayajaliwa. Mavi yake ni ya rangi ya chakula, si ule uzi mweupe unaoning'inia ambao kwa malaika hunifanya nifikirie vimelea vya utumbo. Matamvua yanakwenda mbio kidogo, si sana. Kisha nikaona. Kila alipothubutu kushuka, malaika wawili wakubwa walimjia kwa pamoja, na mmoja akamsukuma mpaka kwenye kona yake. Wakarudi wote wawili kwenye bomba la kichujio na kuendelea kulichokonoa kwa midomo.

Walikuwa wanasafisha mahali pa kutagia. Mgonjwa wangu alikuwa amefukuzwa mtaani tu.

Ndivyo walivyo. Umbo lao jembamba la kusimama, lenye mapezi marefu, huwadanganya watu kwamba ni wapole, kumbe ni sikilidi, jamaa ya samaki wanaopigania ardhi. Kwao ni mito ya bonde la Amazon, ambako anayefukuzwa ana pa kwenda. Tangini hana. Kwa hiyo nikamhamishia kwenye tangi la akiba, lile ninalowawekea samaki wageni kwa wiki kadhaa kabla ya kuwachanganya na wenzao. Nikamwekea mmea mpana wa kujificha. Jioni akala, tena kwa fujo.

Wale wawili waliomfukuza walichaguana wenyewe wangali wadogo ndani ya kundi, na sioni njia bora zaidi, kwani dume na jike hawatofautishwi kwa urahisi mpaka siku ya kutaga. Hata majike wawili wanaweza kushikamana na kutaga pamoja, kisha mayai yote, kwa kukosa kurutubishwa, yakageuka meupe na kuota ukungu. Leo jike ametaga alasiri, safu juu ya safu kwenye bomba, na mwenzake akapita nyuma yake. Sasa wanayapepea kwa mapezi kwa zamu.

Wazazi wa mara ya kwanza mara nyingi huyala mayai yao, na wapo wanaoyaondoa mapema wakayatotoleshe pembeni kwa pampu ya hewa. Mimi nitayaacha. Wakiyala, watataga tena baada ya wiki chache, na napenda zaidi wazazi wanaojifunza ulezi kuliko vifaranga wengi nisio na pa kuwaweka. Wakiyatunza, yataanguliwa Jumatatu usiku au Jumanne, na watoto watakaa siku kadhaa wamenata palepale wakitumia kiini cha yai kabla ya kuogelea. Wakianza kuogelea watahitaji artemia, wale uduvi wadogo mno wa maji ya chumvi, waliototolewa siku hiyohiyo. Mayai ya artemia huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi, kwa hiyo Ijumaa nitaandaa chupa ya maji ya chumvi na kuiunganisha na pampu.