Chombo chetu hakina mlango

Mwezi wa Desemba niliweka picha moja kwenye stetasi yangu ya WhatsApp: tanga limejaa umande wa alfajiri, maji yamelala, na mguu wangu mmoja unaning'inia ubavuni. Nilipopata mtandao tena, majibu yalikuwa yameningoja kwa foleni. "Wewe ndiye unayeishi." "Tajiri wetu huyo." Mmoja niliyesoma naye akauliza Baba amenunua boti lini, na kama Pasaka kutakuwa na nafasi ya watu wanne.

Nusu saa baada ya picha ile nilikuwa nimejikunja juu ya magunia ya simiti, narudisha mahamri na mbaazi zote nilizokula. Hilo sikulipiga picha.

Kisha si boti. Ukitamka "boti" mbele ya Baba atakuuliza kama umeiona ikiuzwa dukani. Ni jahazi, ila mwenyewe husema "chombo" tu, utadhani duniani hakuna kingine. Futi hamsini na mbili, kiliundwa Matondoni kabla sijazaliwa, na kimepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, mara nyingi hata harufu yake ilinifuata shuleni kwenye sare. Hupakia simiti, unga na mabati Bandari ya Kale ya Mombasa, kikaenda Lamu na visiwa vyake, kikarudi na boriti za mikoko. Siku hizi mzigo mwingi huchukuliwa na malori. Mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, mikoko nayo ikaingia humo humo, na nakumbuka Baba alivyokuwa akishinda barazani kwetu Kibokoni akichonga vijiti visivyokuwa na kazi.

Safari hii tulikuwa wanane. Mimi nimemaliza mtihani wa Kidato cha Nne, Mama anataka kwenda Faza, kisiwani Pate, kumwona mamake, mdogo wangu wa miaka tisa hana wa kuachiwa, basi Baba akasema twendeni sote. Wengine ni Ami, ambaye ndiye mkono wa kulia wa Baba, serahangi mmoja mtu mzima, msimamizi wa mabaharia, na mabaharia wawili vijana ambao kwa wiki tano walijitahidi kutazama upande mwingine kila nilipopita. Nawashukuru kwa hilo, kwa sababu chomboni hakuna pa kupita ila mbele ya watu.

Hilo ndilo ambalo picha haiwezi kulisema. Chombo hakina mlango. Hakuna chumba utakachoingia ukafunga ukalia, au ukazungumza na simu, au ukakasirika peke yako. Nguo nilibadilisha ngamani, chini kabisa ambako maji hujikusanya, nimeinama chini ya mkeka, miguu ikichezea maji ambayo mdogo wangu alikuwa hajayafua. Usiku tulilala shetrini, sitaha ya nyuma, Mama katikati yangu na dunia nzima. Na kwa kuwa hakuna ukuta, husikia yote. Nyumbani nisingejua kwamba injini yetu bado ina deni. Chomboni nililisikia mara tatu, Baba na Ami wakinong'ona kwenye usukani wakidhani nimelala: nani anadaiwa, nani amepiga simu, mzigo huu ukifika salama tutapunguza kiasi gani. Tangu hapo kila injini ilipowashwa nilihisi kama mtu anakohoa mlangoni kwetu akidai chake.

Choo nacho ni sanduku la mbao lisilo na kitako, limening'inizwa nje ya tezi, nyuma kabisa. Mabaharia wamelizoea wala hawahitaji pazia. Mama alipolitazama siku ya kwanza pale Bandari ya Kale hakusema neno, alifungua furushi lake la nguo, akatoa leso yake ya rangi ya kahawia, akaifunga mafundo manne pande zote. Leso ile imeandikwa: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Ukiwa umechuchumaa pale, bahari inapanda na kushuka futi mbili chini yako, unayasoma maneno yale kinyumenyume kwa ndani, na unayaamini herufi kwa herufi.

Kuhusu kutapika nitasema kidogo, maana nimeshachekwa vya kutosha. Mtoto wa nahodha halewi bahari, ndivyo watu wanavyodhani. Mimi hulewa siku mbili za mwanzo za kila safari, tangu utotoni. Mama hunipa ndimu ninuse na kipande cha tangawizi nitafune. Baba hunitazama kama hesabu isiyokubali. "Watapika hadi lini, weye?" Serahangi ndiye aliyenifariji. Alininong'oneza kwamba hata yeye, kaskazi inapoanza kila mwaka, huenda nyuma ya mlingoti akajifanya anakagua jarari, kamba ya kutwekea tanga.

Faza sitaisimulia hapa. Bibi yangu anastahili ukurasa wake, na hajaniruhusu.

Nitasimulia kijito cha mikoko, tulikopakia. Wageni hudhani kusafiri kwa tanga ni kwenda. Sisi tulikaa. Chombo kitupu kiliingia kijitoni bila shida, lakini kikishajaa boriti hakitoki ila kwa bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Tulimaliza kupakia maji yakiwa mafu. Maji mafu hayapandi hata robo ya unavyotaka, hujivuta, hulamba mizizi, hurudi. Siku nne tulikaa tope upande huu, tope upande ule, na mbu ambao nina hakika walikuwa wakipokezana zamu kama mabaharia.

Kuhesabu boriti nilipewa mimi. Ishirini ni korija moja, na kila korija nilifunga fundo kwenye kamba. Fito ni zile nyembamba, kisha pau, mazio, boriti yenyewe, na nguzo ambazo hubebwa na watu wawili. Usipozijua kwa unene, wapakiaji watakuchanganyia mazio ndani ya boriti na wewe utaandika tu. Walijaribu mara moja. Nilizitoa sita, nikaziweka pembeni, nikaendelea na fundo langu. Baba alikuwa juu, nikamwona amegeuza uso upesi, kama mtu aliyepatwa na tabasamu bila ya kutarajia.

Maji ya kunywa yalikuwa chini ya amri ya Mama. Kule Pate watu wengi hutegemea jabia, mabirika ya zamani ya kukinga mvua, na huwezi kwenda kuchota kama kwako. Tulioga baharini, kisha kila mtu kopo moja la maji matamu, moja, la kuondoa chumvi. Nywele zangu zilikauka kama makumbi. Jiko letu ni sanduku lililojazwa mchanga, mafiga matatu juu yake, na sufuria hufungwa kwa kamba ili wimbi lisiipeleke. Wali wa nazi uliopikwa hivyo huwa na ukoko upande mmoja na uji upande wa pili, kulingana na chombo kilivyolala. Siku tuliyonasa nguru kwa mshipi wa kuburura, Mama alitia ndimu, pilipili na nyanya mbili za mwisho, na nikala kama sijawahi kulewa bahari maishani.

Tulitoka Lamu saa tisa alasiri, maji yakipwa yatusukume nje, Shela ikibaki nyuma na michanga yake. Kaskazi ilikuwa imesimama vizuri nyuma yetu. Injini ikazimwa, nikashukuru. Kutoka Lamu hadi Mombasa ni kama kilomita 240 kwa bahari, na upepo kama ule ukidumu, ni usiku mmoja na mchana. Jua lilipotua maji yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni Mto Tana huo, unamwaga udongo wa bara kwenye ghuba ya Ungwana. Nilikaa zamu ya kwanza na Ami. Alinionyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, kisha akasinzia, nikabaki mimi na dira na tochi na baharia aliyeshika usukani, sote watatu hatusemi.

Saa nane usiku upepo ukazidi. Baba aliamka kabla ya kuamshwa, sijui huwa anasikia nini. Akaamuru tanga kubwa lishushwe, litwekwe dogo. Giza, chombo kinayumba ubavu hadi ubavu kwa sababu ya uzito wa boriti, watu wanavuta, foromali, ule mti unaobeba tanga, inashuka, halafu wimbi likatuinua vibaya na foromali ikagonga mlingoti. Mlio wake ulikuwa mdogo. Kama mtu amevunja muwa. Baba akapaza sauti, "Kitambaa! Kitambaa na kamba!" Nikasikia miguu ikikimbia tezini na kurudi.

Kulipopambazuka tulikuwa tumejificha nyuma ya Ras Ngomeni, nanga imeshika. Niliinua macho nikaona foromali imelala juu ya mzigo, imepasuka hatua tatu kutoka katikati, na juu ya ufa, chini ya kamba, imeviringishwa leso. ABIRIA DEREVA, ndiyo sehemu iliyosomeka. Nilitazama tezini. Sanduku lilikuwa wazi pande zote nne, kama jukwaa.

Nilimwambia Baba, "Lakini ile ndiyo ilikuwa mlango wetu."

Akauliza, "Mlango wa nini?" Na aliuliza kwa dhati. Hakujua. Wiki tano leso imepepea nyuma ya mgongo wake, hakuwahi kuiona ni kitu gani.

Nikauliza mbona hakikuchukuliwa kipande cha tanga kuukuu, vipo vingi omoni, kule mbele. Akasema usiku huchagui, huchukua kilicho karibu, na kitambaa kikilowa huishika kamba isiteleze. Basi sasa kumekucha, nikasema, kitolewe. Akasema hakitolewi, gango linakuja juu yake. Wakachagua boriti mbili nyoofu kutoka kwenye mzigo, kutoka kwenye korija zangu nilizozihesabu, wakaziweka kama mtu anavyofungwa mkono uliovunjika, wakazikaza kwa kamba. Kazi hiyo ilichukua siku nzima, na siku nzima sikusema na Baba. Jaribu kumnunia mtu ndani ya futi hamsini na mbili, nusu yake boriti. Chumvi aliniomba kupitia kwa mdogo wangu, nami nikampa kupitia kwa huyo huyo, ilhali magoti yetu yanagusana.

Choo tulikitatua mimi na Mama. Mmoja akiingia, mwingine husimama mbele yake amenyoosha mikono, ameshika buibui pembe mbili kama tanga la pili. Upepo ukilijaza, Mama huyumba nalo. Mara ya tatu tulicheka hadi nikashindwa kufanya kilichonipeleka.

Kutoka pale Ngomeni, kwa mbali, yaonekana majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, ya Waitaliano. Kutoka humo zilirushwa setilaiti miaka ya 1967 hadi 1988, moja ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Serahangi ndiye aliyenielezea. Alikuwa mtoto, alisema, watu wa huku walitazama tu. Mimi nami nilitazama. Matokeo ya mtihani yalitarajiwa siku yoyote, na simu yangu ilikuwa imekufa chaji tangu Lamu. Paneli ndogo ya sola tuliyonayo Baba alikuwa amemwazima mjomba wake Faza, hakuirudisha. Mtu ametuma chombo angani kutoka ghuba hii, nami siwezi kujua nimepata nini kwenye Kiswahili.

Tuliondoka usiku ule, tanga dogo, polepole, injini ikisaidia na kukohoa. Asubuhi tukiwa usawa wa Malindi, Ami akakumbuka kwamba betri ya injini ina waya. Simu ikapata asilimia nne na vijiti viwili vya mtandao. Binamu yangu alikuwa ameshaniangalizia: B ya kutoa.

Nikaisoma kwa sauti, maana chomboni hata ukisoma kimya wanakusikia. Mama akapiga kigelegele. Baba alikuwa kwenye usukani, ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu jana.

"Ya kutoa? Wametoa nini?"

Nikamweleza kwamba ni B, ila imepungua kidogo.

"Basi waambie wairudishe waliyoitoa," akasema, akageuka kutazama dira. Mabega yalikuwa yakitikisika. Ami alilala chali juu ya boriti akicheka hadi kikohozi kikamshika.

Tuliingia Mombasa usiku, taa za Nyali mkono wa kulia, Ngome, ile Fort Jesus, mbele yetu ikiwa nyeusi tii. Tukatia nanga tukangoja kukuche. Kulipoadhiniwa alfajiri sauti zilitoka misikitini moja baada ya moja, na ardhi ya Kibokoni, nilipoikanyaga, iliyumba kama jahazi hadi jioni.

Boriti zilishushwa siku mbili. Mwenye yadi alihesabu korija 59 na boriti kumi na nane. Mafundo yangu yalikuwa 60. Nilimpeleka kwenye foromali nikamwonyesha mbili zilizobaki, akazitazama, akatazama kitambaa kilichochungulia katikati yake, akaandika 60.

Foromali mpya bado. Kwanza injini. Chombo kipo Bandari ya Kale wiki ya tatu sasa, na watalii hukipiga picha wakitokea upande wa Ngome. Leso huuzwa mbili mbili, na ile pacha yake Mama anayo kabatini, imekunjwa. Kila baada ya siku kadhaa, Baba akirudi kutoka bandarini, Mama huitoa, huitandika mapajani, na kumwuliza kama ile nyingine imeshuka.