Maji ya Chumvi

Jumapili pale Nyali wimbi lilimpiga Zawadi usoni, akameza, akatema. "Baba, chumvi!" Mama yake akacheka. Mimi sikucheka, nikanuniwa mpaka jioni.

Kimawazo nilikuwa nimerudi Turkana, mwaka wangu wa kwanza wa udaktari, enzi za ile pikipiki isiyo na breki. Kijana mchungaji alikuwa amekohoa miezi, makohozi hayakuonyesha kifua kikuu. Picha ya eksirei kutoka Lodwar ilikuwa na duara jeupe kwenye pafu la kulia, kubwa kuliko chungwa. Kule hilo halihitaji bingwa. Mbwa hula mapafu na maini ya mbuzi aliyechinjwa, mbwa huyohuyo hulamba watoto, na mtu akimeza yai la mnyoo wake, taratibu linakuwa mfuko wa maji. Nikamwandikia albendazoli, dawa ya minyoo, wakati akingoja upasuaji. Nilijiona nimefanya la maana.

Siku ya kumi na moja dada yake alimleta. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Akakohoa mara moja, kikohozi kirefu, maji yakamtoka mdomoni na puani, maangavu kabisa, mpaka nusu ya karai. Ndani yake vilielea vipande vyeupe, laini, kama utando wa ndani ya ganda la yai. Akalamba midomo, akatamka neno moja. "Anasema ni chumvi," dada akatafsiri. Halafu kifua kikaumuka vipele, pumzi ikaanza kupiga filimbi, nikamchoma adrenalini pajani kwa mkono unaotetemeka.

Ndege, upasuaji, akapona.

Daktari aliyempasua aliniuliza, bila ukali: ulimpa vidonge? Mfuko wa pafuni ukipewa dawa ukuta wake huweza kulegea, ukapasuka. Lakini pia ulikuwa mkubwa, na mikubwa ndiyo hupasuka zaidi; pafu ni laini, halibani, mfuko hutanuka humo upesi kuliko kwenye ini. Tena kikohozi chenyewe. Tena, dada alikuja kusema, juzi yake ngamia alikuwa amempiga teke kifuani. Teke hilo nimelikumbatia miaka yote hii.

Mwaka uliofuata yule kijana alinijia akivuta mbuzi. "Daktari, dawa yako ndiyo iliyoutoa ule mfuko."

Mbuzi nilimpokea. Tulipomchinja, mapafu niliyachoma moto mwenyewe, mbwa wakinitazama.