Mbuyu Uliokonda

Mwaka 2011 nilikuwa nikifundisha darasa la pili katika shule moja ya kijijini mkoani Dodoma. Ukutani palikuwa na chati ya mti unaopita katika majira manne: maua, majani mabichi, majani mekundu, kisha theluji. Watoto waliikariri vizuri, nami nikawasifu, ingawa nje ya dirisha ulisimama mbuyu usiofuata hata picha moja kati ya zile.

Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa ukingoni na mbuyu ukiwa na majani tele, niliwatoa nje. Tuliweka alama za rangi kuzunguka shina kwenye kimo cha kifua changu, nikaazima tepu ya fundi mwashi, na watoto wanane wakaizungusha. Ilisoma mita 7 na sentimita 42. Niliwaambia waandike, kwa sababu mwisho wa mwaka tungepima tena ili tuone mti umenenepa kiasi gani.

Kufikia Julai majani yalikuwa yamepukutika yote, na msichana mmoja akatangaza kwa huzuni kwamba mbuyu umekufa. Nilikwangua gome kidogo kwa kisu, na chini yake pakaonekana rangi ya kijani. Nikaeleza kwamba huku kwetu mti hauvui majani kwa sababu ya baridi, bali kwa sababu majani hupoteza maji, na wakati wa kiangazi mti hauna maji ya kupoteza. Hilo walilielewa upesi, pengine kwa kuwa wengi wao walitoka nyumbani alfajiri kwenda kuteka maji kabla ya kuja shuleni.

Mwishoni mwa Novemba tulipima tena. Mvua haikuwa imenyesha hata tone, lakini vijani vichanga vilikwisha kuchomoza kwenye ncha za matawi. Tepu ilisoma mita 7 na sentimita 37. Niliwakemea watoto kwa kuikaza mno, nikawarudisha wapime upya, nao wakapata namba ileile. Nikaishika mwenyewe, nikazunguka alama moja baada ya nyingine, na sentimita tano hazikuonekana.

“Mwalimu, umekonda,” alisema yule msichana.

Wenzake walicheka. Mimi, kwa aibu, nilisema tepu ina kasoro. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba shina la mbuyu, ambalo ni laini na lenye maji mengi, hupungua unene wakati wa ukame, na kwamba sehemu ya maji hayo ndiyo huchipusha majani mapya kabla ya mvua. Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu siku ile, nami sikuinua macho.

Mwezi wa Machi uliofuata, wakiwa tayari darasa la tatu na mimi si mwalimu wao tena, walinijia wakati wa mapumziko kuniomba niwaazimie ile tepu yenye kasoro.