Wale hawana ndugu

Tangu niliposhuka stendi Jumapili usiku nina maneno yamenikaba, na ni yangu mwenyewe. Mdogo wangu kaoa salama, barua ya kupandishwa daraja nimeikuta mezani. Hayo nitayasimulia siku nyingine.

Ni shangazi. Yule wa Kalenga, Iringa, mnamjua. Jumamosi alfajiri tulikuwa uani tunamenya viazi vya shughuli, wengine wamekwenda kuchota maji. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Hivi wale watu wako wa mezani, wanafunzi wakishamaliza mnawarudisha?"

Nikajibu upesi, kama ninavyowajibu wageni wanaochungulia maabara ninakoandaa maiti za wanafunzi wa udaktari kujifunzia: "Wale hawana ndugu, shangazi."

Kisu chake kikasimama. "Hakuna mtu asiye na ndugu, mwanangu. Mkwawa walimrudisha baada ya miaka 56. Tena kichwa tu."

Akachukua kiazi kingine. Mimi nikanyamaza.

Kwa mtu wa Kalenga hiyo si hadithi ya darasani. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe hai, Wajerumani wakamkata kichwa, mwaka 1919 kurudishwa kwake kukaandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles, na bado fuvu halikufika mpaka 1954, Twining, gavana wa Kiingereza, alipolikabidhi palepale kijijini. Siku hiyo shangazi alikuwa mgongoni mwa bibi. Na mimi, binti wa nyumba ileile, nikamwambia kuna watu hawana ndugu!

Nimelirudia jibu lile kwenye basi, jikoni, kitandani. Nilitakiwa kusema hawakutafutwa. Au walitafutwa mahali wasipokuwapo. Mwili unakaa mochwari, tangazo linatolewa, siku zinakwisha, haji mtu. Huenda kuna mama Makete ambaye mpaka leo anapiga namba isiyopatikana na kujiambia kijana kapotelea Dar. Hilo nalijua miaka yote hii. Kwa nini ulimi ulichagua lile jingine? Nadhani kwa sababu ukisema hawana ndugu unaweza kufanya kazi ukala na chakula cha mchana.

Jumanne nilikuwa na mwili mpya wa kuandaa. Kwanza nikahangaika na formalini. Baridi ya Mbeya ikiingia, inaganda utando mweupe chini ya dumu, na dawa ya namna hiyo siipendi kuipitisha kwenye mishipa. Nikachanganya: formalini, spiriti, glisarini ili misuli isikauke, fenoli kidogo ya kuzuia kuvu, maji. Chombo juu, mrija kwenye mshipa mkubwa wa paja, halafu unasubiri. Dawa inashuka taratibu kwa uzito wake, inapita njia zilezile za damu, na popote inapofika inazishika protini zisioze. Ni saa nyingi. Macho yanachoma (feni niliyoiandikia mwezi uliopita bado haijaletwa). Nikiwa nasubiri, shangazi akarudi tena na kisu chake: mnawarudisha?

Nikageuka kuchukua kibati cha namba nikifunge kwenye kifundo cha mguu, na hapo ndipo nikakumbuka fuvu la Mkwawa lilipatikanaje. Twining alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen kati ya mafuvu mengi, kwa vipimo. Walipima, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemhifadhi kama mtu wa kurudishwa.

Nikakiangalia kile kibati mkononi. Kisha nikaangalia ndoo zilizopangwa chini ya meza, kila moja na namba ya mwili wake. Kila kipande cha ngozi na mafuta anachokitoa mwanafunzi kinaingia kwenye ndoo ya mwenyewe, hakichanganywi na cha mwingine, ili siku ya kuzika azikwe yeye mzima. Ni mimi niliyeanzisha ndoo hizo, na ndizo nilizogombania mpaka nikaitwa mkorofi. Mbona sikumwambia shangazi habari ya ndoo?

Nilikaa kwenye stuli nikalia kidogo, na safari hii haikuwa formalini. Nilikuwa na furaha, sijui niieleze vipi.

Jana wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipoingia, kabla ya kufunua shuka, niliwaambia: huyu ana ndugu, hawajui alipo. Kijana mmoja akavua kofia yake ya sufu. Wenzake wakafuata. Leo jioni nimempigia shangazi nimweleze, lakini simu yake ilikuwa imezimwa. Nitajaribu kesho asubuhi kabla hajaenda shambani.

Baba Tumaini naye karudi kutoka Uporoto sasa hivi, anasema majani ya viazi yameanza madoa meusi pembezoni na mvua haikati. Dawa ya ukungu tulipulizia wiki mbili zilizopita. Ada ya Tumaini yote iko kwenye lile shamba.