Dumu Moja kwa Kichwa: Nilivyosimamia Maji "Mirihi"

Swali la kwanza huwa ni choo. Nikimwambia mtu kwamba nimekaa wiki mbili kwenye kituo cha kuigiza maisha ya sayari ya Mirihi, haulizi habari za roketi, anauliza tulikuwa tunajisaidia wapi. Tulijisaidia chooni, ndani ya nyumba, kama watu. Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni maji ya kuflashi, kwa sababu katika kikosi cha watu sita mimi ndiye niliyepewa uhandisi, na mhandisi ndiye mwenye maji.

Kituo kinaitwa Mars Desert Research Station. Kipo jangwani Utah, Marekani, kilomita kama 11 kutoka mji mdogo wa Hanksville. Ni cha Mars Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1998, na tangu kikosi cha kwanza kiingie mwaka 2002 vimeshapita vikosi zaidi ya 300. Vingi hukaa wiki mbili, katika miezi ya baridi, maana kiangazi cha kule hakikaliki. Nyumba yenyewe ni kama pipa lililosimamishwa, upana mita 8 hivi, ghorofa mbili. Chini kuna choo, bafu na chumba cha kuvalia suti za anga. Juu kuna jiko, meza moja, na vyumba vya kulala ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Pembeni kuna kitalu nyumba cha mboga, maabara, na karakana iliyotengenezwa kwa kiwiliwili cha helikopta kuukuu ya Chinook. Kati ya majengo kuna vijia vilivyofunikwa, na sisi tunajifanya humo mna hewa. Nje ya hapo hutoki bila suti.

Kutoka nako ni shughuli ya nusu asubuhi. Unavaa ovaroli, unabebeshwa begi lenye feni za kupuliza hewa kwenye helmeti, unafungwa redio, kisha mnaingia kwenye kichumba chenye milango miwili na kusubiri dakika 5, eti hewa inatolewa. Hakuna hewa inayotolewa. Lakini mnasubiri, na hapo ndipo pua inapoamua kuwasha. Huwezi kuikuna. Nilijifunza kuisugua kwenye kingo ya helmeti kwa kupinda shingo kama kuku anayekunywa maji.

Huko nje ni vilima vyekundu, chuma kimeshika kutu kwenye mawe, ndiyo maana wakachagua pale. Mwanajiolojia wetu alinionyesha tabaka za miaka karibu milioni 150, zenye mifupa ya dinosaria. Nikamwambia sisi tuna Tendaguru, kule Lindi. Akasimama. Alikuwa anaijua vizuri kuliko mimi: umri uleule kwa kukadiria, wanyama wanaokaribiana, Wajerumani wakachimba kati ya 1909 na 1913, mifupa ikaenda Berlin. Tulizungumza Tendaguru kwenye redio hadi kamanda akatukumbusha kwamba betri ya kigari tulichokuja nacho inaisha.

Sasa maji.

Tangi la nje lilikuwa na lita 2,000 na kidogo. Kutoka humo unapampu kwenda tangi dogo la juu, na kutoka juu maji yanashuka yenyewe jikoni na bafuni. Maji yakiisha unaweza kuomba yaletwe, mji hauko mbali. Ila sisi tulikubaliana kabla ya kuingia kwamba tangi moja litutoshe soli zote 12 za igizo. (Soli ni siku ya Mirihi, saa 24 na dakika 39 na ushee. Sisi tulihesabu soli lakini tulilala kwa saa za Utah.) Kila jioni, muda wa mawasiliano ukifunguliwa, tulituma ripoti: ya waliotoka nje, ya mboga, ya mwandishi wa kikosi, na yangu ya mitambo, yenye maji yaliyobaki. Hakuna kupiga simu. Mirihi halisi, ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika upande mmoja tu, kwa hiyo "haloo, haloo" haina maana.

Soli ya nne niliwasha pampu, nikaenda kukanda unga wa chapati. Unga ule ulikuwa mgumu kupokea maji, nikanogewa, na pampu nikaisahau. Nilishtushwa na sauti ya maji yanayoshuka ukutani, nikafikiri ni mvua. Mpaka nafika kwenye swichi, lita kama 140 zilikuwa zimekwenda sakafuni chini, kwenye buti za kikosi kizima. Tuliyakamua kwa taulo tukajaza ndoo mbili za maji ya choo, mengine yakapita mlangoni.

Jioni nikakaa kuandika ripoti. Kwa Kiswahili ningeandika "maji yamepotea" na mambo yangeishia hapo, maji yenyewe yana miguu. Kiingereza cha ripoti kilitaka mtendaji. Niliandika: nimepoteza lita 140. Kamanda alisoma, akanirudishia kompyuta bila neno, na hilo lilinichoma kuliko angenifokea.

Usiku nikapiga hesabu. Tulikuwa tunatumia lita 180 kwa siku. Zilibaki 1,140, na lita 150 za chini haziguswi ili pampu isinyonye hewa. Soli nane mbele. Ukigawanya unapata lita 120 na ushee kwa siku, watu sita, yaani lita 20 kila mtu. Nikacheka peke yangu kitandani, kwa sababu lita 20 ni dumu. Nimekulia Dodoma, kwenye nyumba ambayo bomba lilitoa upepo siku nyingi kuliko maji. Dumu moja kwa kichwa najua linavyotumika, tena likabaki la kudekia.

Kosa la kwanza: nilibandika karatasi jikoni yenye majina na lita za kila mmoja. Nilidhani watu wataona aibu wapunguze. Waliona aibu, ndiyo, wakaanza kuhesabiana. Nani kaosha kikombe mara mbili, nani anakaa sana bafuni. Kufika chakula cha mchana hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake, na kwenye nyumba ya upana ule mkinuniana mnanuniana mkiwa mmegusana mabega. Nikaing'oa karatasi. Nikaandika namba moja tu mlangoni kwa chaki, maji yaliyobaki, bila jina la mtu. Hiyo ikafanya kazi, sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu ilikuwa yetu sote.

Kisha nikaenda kwenye vyombo. Chakula chetu karibu chote kilikuwa kikavu: mboga zilizokaushwa, maziwa ya unga, mayai ya unga, mchele, maharage. Watu hudhani kukilowesha ndiko kunakomaliza maji. Maji hayo si unayala? Yanayopotea ni ya kusugua sufuria iliyogandwa na jibini ya unga. Nikaomba zamu ya kupika na kupanga chakula kwa kuangalia kitachafua nini. Chapati zikashika usukani: kikaango kimoja, hazihitaji uma wala kisu, na ukimaliza unafutia nazo sahani mpaka inang'aa. Nilikuwa nimebeba iliki na bizari ya pilau kwenye soksi, kwa hiyo hata yale maharage yaliyokaushwa yalipata adabu. Sahani zilifutwa kwa karatasi kwanza, zikaoshwa kwenye beseni, maji ya suuza yakaenda chooni. Mkojo haukuflashiwa kila mara. Hapo palihitaji mkutano.

Kuoga ndiko kulikoleta ubishi. Kila baada ya siku tatu mtu alikuwa na haki ya kuoga, na bomba la mvua hata ukilifungua na kufunga kwa haraka linakula. Nikawaonyesha ndoo na kopo. Lita nne za uvuguvugu: kopo la kwanza unajimwagia kichwani taratibu lishuke mwili mzima, unafunga hesabu, unapaka sabuni kuanzia juu, halafu unasuuza bila pupa, miguu ikipata yale yaliyotoka mgongoni. Mwanajiolojia, mwenye nywele hadi kiunoni, aliniangalia kama namtania. Alitoka baada ya dakika kumi na lita moja imebaki ndani ya ndoo, akaileta mezani kunionyesha.

Soli ya tisa ikaanguka theluji. Asubuhi nzima jangwa lilikuwa jeupe, na sisi ndani tunahesabu vikombe. Ubishi ukazuka: je, tukiichota tumevunja igizo? Mirihi kweli kuna barafu, kwa hiyo kuchota barafu ni halali, alisema mmoja. Kamanda akaruhusu ndoo moja kwa ajili ya majaribio. Tulivaa suti, tukasubiri dakika zetu 5, tukaijaza ndoo na kuishindilia kidogo. Ilipoyeyuka haikutoa hata lita nne, na chini kulikuwa na tope jekundu la kidole kizima. Hatukurudia. Theluji nayo ilipoyeyuka, udongo wa pale, ambao ni mfinyanzi unaovimba ukilowa, ukawa kama mbuga za kwetu masika: unainua buti na kilo mbili za ardhi. Siku mbili vigari havikutoka, watu sita ndani mchana kutwa, kila mtu anataka chai. Zile siku mbili ndizo nilizoogopa kuliko zote, namba ya mlangoni ilishuka kwa lita 130 kila siku.

Soli ya 12 nilipima kwa mara ya mwisho: lita 220. Wastani wetu tangu ajali ulikuwa 115 kwa siku, chini kidogo ya dumu kwa kichwa, na mboga za kitalu nazo zilikunywa humohumo.

Siku tuliyotoka nilimpigia mama. Nikamwamkia, nikamweleza yote, suti, theluji, ndoo, mwanajiolojia na nywele zake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema, "wamekulipia nauli mpaka Marekani ukaoge kwa kopo?"