Soksi ya mchele na alfajiri ya Kitulo

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa kuhusu kupiga picha Kitulo, uwanda wa maua ulioko nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ni huu: "Nenda mchana, jua likiwaka maua yanang'aa." Picha zote nilizopiga kwa kuufuata nimezifuta. Saa saba mchana jua liko utosini, uwanda unakuwa bapa kama mkeka, rangi zinapauka na mawingu yanabaki weupe mtupu usio na umbo. Kitulo ni ya alfajiri, mwanga ukiwa umelala na kila bua la nyasi likiwa na kivuli chake.

Shida ya alfajiri ni umande. Maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, miezi ile ile ya mvua, na uwanda uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabla ya jua kuchomoza anga likiwa wazi, kioo cha lenzi hupoteza joto kuelekea angani kama bati la nyumba, kikapoa kuliko hewa inayokizunguka, na unyevu ukatua juu yake. Asubuhi ya kwanza nilifuta kwa kitambaa. Dakika mbili, ukungu umerudi. Nikafanya nilivyoelekezwa na kaka mmoja mzoefu, nikaificha kamera ndani ya koti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu mwili uliopanda kilima unatoa jasho, na hewa hiyo yenye joto ikikutana na kioo cha baridi, unyevu wake unatua palepale. Ndani ya gari lililofungwa vioo ni vilevile. Jua lilichomoza, likapanda, mimi nikiwa na lenzi iliyofumba.

Dawa yake ni kuifanya lenzi iwe na joto kidogo kuliko hewa, tangu mwanzo, kabla umande haujatua. Nilichukua soksi ndefu ya pamba, nikatia mchele mkavu kama robo kilo (wa Kyela, maana ndio uliokuwapo, chenga zingetosha), nikaupasha kwenye kikaango kikavu dakika nne huku nikikoroga, nikafunga mdomo wa soksi. Joto lake lipime shavuni: kama shavu halivumilii, subiri. Ukizidisha, hewa ya moto inapanda mbele ya kioo na picha inatoka kama imetetemeka. Izungushe soksi kwenye shingo ya lenzi, nyuma kidogo ya kioo cha mbele, uikaze kwa rababendi bila kubana pete ya fokasi, ile inayozungushwa ili picha iwe kali. Inashika joto karibu nusu saa. Soksi ya pili inakaa kwenye hotipoti ikisubiri zamu. Tangu hapo sijapoteza alfajiri kwa umande, na gharama ni mchele ambao jioni unapashwa tena. Betri ya akiba nayo ikae mfuko wa ndani, baridi inaimaliza haraka.

Kwenda kwenyewe ni kupanda kutoka Chimala, mkoani Mbeya, kwa zile kona hamsini na saba za barabara ya mlimani hadi Matamba, karibu na hifadhi. Nauli, boda na kulala vilikula laki na kitu.

Sasa ua lenyewe. Ukipiga umesimama, maua yanakuwa nukta. Piga magoti, shusha stendi hadi kamera ilingane na ua, na nyuma yake uweke Mtorwi, mlima wa mita 2,961. Kwa lenzi ya 18 mm kwenye kamera ya sensa ndogo, weka tundu la lenzi f/16 (dogo, ili vya karibu na vya mbali viwe vikali), fokasi kwenye mita moja, na ua lisikaribie zaidi ya sentimita 60. Hapo ua na mlima vyote vinatoka vikali. Jua likishachungulia, na upepo ukiwa umetulia, kasi ya 1/15 ya sekunde na ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) vinatosha. Bua likianza kucheza, panda hadi 1/125 na ISO 1600, chembechembe za picha si dhambi. Kabla ya kugusa kamera, kaa chini robo saa utazame upepo. Unakuja kwa mafungu, na katikati ya fungu na fungu kuna utulivu wa sekunde chache. Huo ndio wakati wa kubonyeza. Na tazama magoti yako yanatua wapi, maana okidi, mmojawapo wa mimea ya maua ya hapa, ikiwa changa inafanana na jani la kawaida.

Picha nzuri ya ua bado si hadithi. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, na mojawapo ya hatari zilizokuwa zikiikabili ni kuchimbwa kwa viazi vya okidi, vinavyovushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Kiazi ndicho kinachotoa mmea wa mwaka unaofuata, kwa hiyo kikichimbwa, ua halirudi. Nilitafuta namna ya kuonyesha hilo bila maneno. Nje ya mpaka wa hifadhi nilikuta shimo la jembe, dogo kama kikombe, hatua moja kutoka okidi iliyochanua. Mchana shimo lile lilikuwa doa la udongo tu. Nikarudi asubuhi, nikaweka jua ubavuni. Kivuli kikajaa shimoni, kina chake kikaonekana, na ua likasimama kando yake likiwaka.